Uliza Mwalimu: Wanajuaje kirusi kilianza mwaka gani?

Toleo lililopita tuligusia chanjo za mifugo, nikadhani maswali yatakuwa ya bei na ratiba, kumbe wengi mmeng'ang'ania kitu kingine kabisa: hawa wanaosema kirusi fulani kilianza mwaka fulani wanajuaje? Nimechagua meseji chache, nyingine zinafanana nimeziunganisha.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfugaji wa Bahi. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa ilitupiga vibaya, ng'ombe wakatupa mimba zizi zima na watu wakafa. Juzi mnadani Msalato kijana mmoja wa mambo ya mifugo katuambia wataalamu walisoma kile kirusi wakaona kilianza miaka ya 1880 na kitu. Sasa nani alikuwepo? Hata mashine za kuviona hivyo virusi hazikuwepo. Si wanatufunga kamba hawa?

Marahaba, japo kwa maelezo yako nahisi mimi ndo nilitakiwa nikuamkie wewe. Hamjafungwa kamba, ila kijana wa watu kawapa nusu ya maneno, na nusu aliyoiacha ndo muhimu zaidi.

Kwamba hakuna aliyekuwepo, hapo uko sahihi kabisa. Huu ugonjwa ulielezwa rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya wanakondoo kufa kwa wingi kwenye shamba moja karibu na ziwa Naivasha kule Kenya. Kabla ya hapo hamna sampuli ya kirusi hiki. Kwahiyo hiyo 1880 haijatoka kwenye kumbukumbu ya mtu, imetoka kwenye hesabu, na hesabu yenyewe wala sio ya kutisha.

Ndani ya kirusi kuna maandishi yanaitwa jenomu, mstari mrefu wa herufi za kemikali za aina 4 tu. Cha Bonde la Ufa kina herufi kama 12,000. Kila kinapozaliana, ndani ya mbu au ndani ya ng'ombe, kinanakili maandishi yote hayo, na virusi vya kundi hili vinanakili hovyo hovyo, hamna wa kusahihisha, herufi ikikosewa na kikabaki hai basi watoto wake wote wanalirithi kosa. Mliopita vyuoni mnayajua madesa, yule wa kwanza kakosea neno kwenye notsi, aliyenakili kwake kabeba kosa lile lile na kuongeza la kwake, wa tatu hivyo hivyo, mpaka mwisho ukiyakusanya madesa ya hosteli nzima unaweza kupanga nani kanakili kwa nani bila kumuuliza mtu hata mmoja. Wataalamu wa virusi wanafanya hivyo hivyo, wanaangalia makosa ya pamoja wanachora mti wa ukoo.

Lakini mti hauna miaka, na hapa ndo tarehe za sampuli zinapoingia. Ukiwa na kirusi kilichochukuliwa 1944, kingine 1970, kingine 2000, na vyote umevisoma herufi kwa herufi, unaona vya karibuni vimeenda mbali zaidi na shina kuliko vya zamani, na unapima vimeenda mbali kiasi gani kwa miaka mingapi. Ukishapata mwendo, unarudi nao nyuma mpaka pale matawi yote yanapokutana.

Utafiti aliousikia huyo kijana, bila shaka, ni ule uliotoka mwaka huo huo wa 2007 mliokuwa mnazika mifugo. Walisoma jenomu 33 za kirusi hiki kutoka Afrika na Saudi Arabia, zilizokusanywa kati ya 1944 na 2000. Walishangaa zilivyo karibu karibu, tofauti kubwa kabisa kati yao ni kama herufi 4 katika kila 100. Hebu tupige kwa kalamu tu: asilimia 4 ya herufi 12,000 ni 480. Hizo 480 zimegawanywa kwa matawi mawili, maana kila upande ulikuwa unakosea kivyake, kwahiyo kila upande 240. Virusi hivi vinabadilika herufi kama 2 mpaka 3 hivi kwa mwaka kwenye jenomu nzima, chukua 3, unapata miaka 80. Sampuli za katikati hapo ni za miaka ya 1970, toa 80, upo kwenye 1890. Wao kwa kompyuta na hesabu nzito kuliko hii yangu walipata kati ya 1880 na 1890. Umeona, haijatoka kwa mganga.

Sasa ile nusu iliyobaki. Hiyo tarehe ni ya babu wa hizo sampuli 33, yaani pale matawi yao yote yanapokutana. Sio siku kirusi kilipozaliwa. Inawezekana kilikuwepo miaka mia tano kabla kwenye mbu na wanyama wa porini, matawi yake mengine yakafa au yapo kwenye pori ambalo hakuna mtu amekwenda kukamata mbu. Kesho mtu akileta sampuli ya tawi la kando kabisa, babu anarudi nyuma na mwaka unabadilika, na hapo hakuna aliyedanganya. Mimi nikisikia "kirusi kilianza mwaka fulani" swali langu la kwanza ni moja, babu wa sampuli zipi?

Waandishi wenyewe walisema muda huo unaendana na mabadiliko ya ufugaji, wakoloni walipoleta ng'ombe na kondoo wa Ulaya ambao ugonjwa huu unawamaliza haraka kuliko wa kwetu. Inaingia akilini. Mimi naongezea kwamba miaka hiyo hiyo, kuanzia kama 1890, ugonjwa wa sotoka ulifagia ng'ombe Afrika Mashariki yote na watu wakaanza kujenga mifugo upya, kwahiyo kulikuwa na mahamahama ya wanyama ya kutosha. Ila mambo mawili kutokea pamoja hakuthibitishi kwamba moja limeleta lingine, na jenomu peke yake haiwezi kukuambia sababu.

Kuna jambo jingine wafugaji wa mbugani mtalielewa haraka kuliko mtu wa mjini. Mbu wa kundi la Aedes wanataga mayai kwenye udongo wa madimbwi, mayai yanaweza kukaa makavu miaka na miaka mpaka mvua kubwa kama ile ya mwishoni mwa 2006 iyafufue, na mengine yanatoka tayari yana kirusi. Kirusi kilichokaa ndani ya yai kavu hakizaliani, kisipozaliana hakikosei, yaani saa yake imesimama. Kwahiyo mwendo wanaoupima ni wastani wa kulala na kuamka, na ndo maana mtu makini hatakupa mwaka mmoja, atakupa kuanzia huku mpaka kule. Halafu jenomu yake imekatwa vipande 3, ng'ombe mmoja akiambukizwa aina mbili kwa pamoja vipande vinaweza kubadilishana, kila kipande kikawa na ukoo wake. Inabidi kila kimoja kichorewe mti wake kwanza uone kama vinakubaliana.

Kwa wasiokumbuka, mwaka ule Tanzania ilihesabu watu 511 walioshukiwa, maabara ikathibitisha 186, na waliokufa 144, na mkoa wetu wa Dodoma ndo ulioumia zaidi.

Mambo Mwalimu, me nipo UDOM mwaka wa pili. Kuhusu korona nimekutana na tarehe mbili, moja inasema Oktoba au Novemba 2019, nyingine inasema mwisho wa Novemba mpaka Desemba. Ipi ya kweli? Na je naweza kufanya hizi hesabu mwenyewe kwenye laptop?

Poa. Zote mbili, kwasababu zinajibu maswali tofauti.

Ile ya mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba ni ya babu wa sampuli, kama nilivyomjibu mzee wa Bahi. Jenomu ya kwanza ya korona iliwekwa hadharani Januari 2020, zikafuata kutoka nchi kibao, na kirusi chenyewe kina herufi kama 30,000 na kinabadilika herufi kama 2 kwa mwezi. Ukizirudisha nyuma zinakutana hapo. Lakini mtu aliyebeba huyo babu sio lazima awe mtu wa kwanza kuumwa, anaweza kuwa wa ishirini, sababu wale wa mwanzo wengine waliambukiza wachache, wengine hawakumuambukiza yeyote, na matawi yao yakakatika kabla hakuna aliyejua kuna ugonjwa. Ili kumfikia mtu wa kwanza inabidi uongeze hesabu nyingine ya jinsi ugonjwa unavyosambaa, unaigiza kwenye kompyuta mara maelfu. Watafiti waliofanya hivyo mwaka 2021 walipata katikati ya Oktoba mpaka katikati ya Novemba 2019, na wakaona kitu ambacho mimi kilinikalia kichwani zaidi ya tarehe yenyewe, kwamba kwenye uigizaji wao zaidi ya theluthi mbili ya mara, kirusi kama hiki kikiruka kwa binadamu kinazimika chenyewe bila kuwa mlipuko.

Angalia pia udogo wa namba zenyewe. Herufi 2 kwa mwezi maana yake herufi moja ni wiki mbili. Mashine ikisoma vibaya herufi moja umeshamsogeza babu wiki mbili nzima. Kwa kirusi cha miaka 100 wiki mbili ni kelele tu, kwa kirusi cha miezi 2 ndo ugomvi wenyewe, ndo maana watu waliishika kooni hii ya korona.

Laptop inatosha, programu inayotumika sana inaitwa BEAST na ni ya bure. Ila kabla hujaiwasha chora kitu rahisi, huku tarehe za sampuli, huku umbali wa kila moja na shina. Kama vidoti vinapanda kwa mstari unaoonekana, endelea. Kama vimetawanyika tu kama mtama uliomwagika basi data yako haina saa ndani, na programu haitakuambia hivyo, itakupa mwaka tu, tena na desimali. Vijana wengi wanaanguka hapo. Na wazo lenyewe sio la virusi, lililetwa miaka ya 1960 na Emile Zuckerkandl na Linus Pauling wakilinganisha protini za damu za wanyama mbalimbali.

Mwalimu za masiku. Kijiweni kwetu Kondoa kuna ubishi hauishi. Mmoja anasema ukimwi ulitengenezwa maabara miaka ya 80, mwingine anasema ulikuja na chanjo ya polio waliyopewa watu Kongo. Tumekubaliana wewe ndo refa.

Nzuri. Urefa naukubali, na huu mchezo ulishaisha siku nyingi.

Wa miaka ya 80 anatoka kwanza. Ni kweli ugonjwa uliripotiwa Marekani mwezi Juni 1981, na kwetu wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera 1983. Lakini kuna damu ya mwanaume mmoja iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959, enzi hizo ikiitwa Léopoldville, ikahifadhiwa, na ina HIV ndani. Kuna na kipande cha tezi ya mwanamke wa mji huo huo cha mwaka 1960, kilikaa kwenye nta miaka mingi mpaka walipofanikiwa kukisoma na matokeo yakatoka 2008. Damu ya 1959 huwezi kuibishia na habari ya maabara ya miaka ya 80.

Wa chanjo ana hoja ya kuonekana, maana chanjo ya matone ya majaribio kweli ilitolewa Kongo mwishoni mwa miaka ya 1950. Sasa chukua hizo sampuli mbili, 1959 na 1960, mji mmoja, mwaka mmoja katikati. Kama kirusi kilikuwa kimeingia kwa binadamu juzi tu na chanjo, zilitakiwa zifanane karibu kabisa. Hazifanani. Kwenye kipande walichokilinganisha zinatofautiana kwa kama asilimia 12, na tofauti ya hivyo haijengwi kwa miaka miwili mitatu, inahitaji miongo. Mwaka 2000, kabla sampuli ya pili haijasomwa, hesabu iliweka babu karibu na 1931. Ilipoingia ile ya 1960 ikarudi mpaka 1908 hivi, kati ya 1884 na 1924. Utafiti wa 2014 ukasema karibu 1920 na ukamuweka Kinshasa, mji uliokuwa unakua na reli zake. Zote zinapishana, ndio, ila hakuna hata moja inayofika kwenye chanjo. Isitoshe chupa zilizobaki za chanjo ile zilipimwa, hazikukutwa na HIV wala kirusi cha sokwe. Kirusi kilichozaa HIV inayoenea duniani kinafanana zaidi na cha sokwe wa kusini mashariki mwa Kameruni.

Kwahiyo wote wawili wanunue kahawa.

Mimi nipo Manyoni. Naona kila baada ya miaka michache mnabadilisha, mara ndui ina miaka hii, mara ile. Kitu kinachobadilika kila siku nikiamini vipi?

Amini kinachobaki palepale, na usome ile "kuanzia mpaka", sio namba ya katikati.

Ndui ni mfano mzuri wa malalamiko yako. Mwaka 2016 walisoma kirusi cha ndui kutoka kwenye mwili wa mtoto wa karne ya 17 uliokuwa chini ya kanisa huko Vilnius, Lithuania. Wakalinganisha na vya karne ya 20, babu wao akaangukia kati ya 1588 na 1645, magazeti yakaandika ndui ni ugonjwa wa juzi juzi tu. Mwaka 2020 wengine wakapata ndui kwenye mifupa na meno ya watu wa Ulaya kaskazini wa enzi za Viking, wengine wa karne ya 6 na ya 7. Sasa je, wale wa 2016 walikosea? Hapana, babu wa tawi lao bado ni yule yule, kilichopatikana ni tawi jingine lililokatika zamani. Aliyekosea ni aliyeandika kichwa cha habari.

Surua ni tofauti kidogo, na nyie watu wa ng'ombe itawavutia kwasababu ndugu yake wa karibu kabisa ni sotoka, ile iliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Zamani hesabu ziliweka kuachana kwao kwenye karne ya 11 au 12. Halafu wakasoma pafu la mtoto aliyekufa kwa surua Berlin mwaka 1912, lililokuwa limehifadhiwa kwenye dawa, wakatumia na hesabu inayozingatia kwamba makosa ya zamani sana yanafunikwa na mapya juu yake, herufi ile ile ikibadilika mara mbili wewe unaona moja. Wakafika karne ya 6 kabla ya Kristo. Miaka zaidi ya elfu imeongezeka hapo! Ndo maana mimi kirusi kikishapita miaka mia kadhaa bila mfupa au chupa ya zamani ya kushikia, namba naisikiliza kwa sikio moja.

Na mara nyingine saa ikisimama ndo inakupa habari kubwa kuliko ikitembea. Mafua ya H1N1 yaliyorudi 1977 yalikuwa karibu sawa na ya mwaka 1950, miaka 27 bila makosa ya miaka 27. Haiwezekani kirusi kikazunguka kwa watu hivyo, lazima kilikuwa kimegandishwa mahali, na mpaka leo wengi wanaona kilitoka kwa binadamu wenyewe, maabara au majaribio ya chanjo. Ebola ya Guinea ya 2021 nayo, ilikuwa karibu sana na ile ya 2014, mabadiliko machache mno kwa miaka yote ile, na wakahitimisha kimetoka kwa mtu aliyepona zamani, kirusi kikabaki mwilini kimelala, sio kutoka porini upya kama kila mtu alivyodhani.

Mwalimu, mbuzi wangu wametupa mimba kwa mfululizo hapa Chamwino. Nichukue sampuli mwenyewe nipeleke maabara wajue imeanza lini?

Usishike chochote mikono mitupu. Kutupa mimba kuna sababu nyingi, brusela ikiwemo, na nyingine zinakuingia wewe kupitia damu na kondo la nyuma, kwahiyo usichinje aliyeumwa, usiwape mbwa, watoto wakae mbali, mpigie afisa mifugo wa kata leo hii. Yeye ndo achukue sampuli na ana vifaa. Kazi yako wewe ni kumsimamia aandike kwenye chupa tarehe, jina la kijiji, ni mbuzi wa umri gani na alitupa lini, asiandike "Dodoma" tu akaondoka, maana sampuli isiyo na tarehe inaweza kusema mbuzi alikuwa na nini lakini kwenye hizi hesabu za lini haiingii kabisa.